Upondo Wangu na Bustani ya Matumbawe

Vijana wa boti za kioo, mlimtuma mwenzenu hadi kwangu Frere Town na sukari na majani ya chai, aje aniombe nishuke pwani niwafundishe kutia upondo. Ujumbe aliufikisha vizuri. Petroli imepanda, wageni wa siku hizi hawataki moshi wala kelele, na kuna waliowaambia kwamba boti isiyotumia mashine ni rafiki wa bahari. Akaongeza, mtoto wa watu, kwamba pwani nzima ya Kisauni hakuna aliyeushika upondo kama mimi. Mama Dama, mke wangu, akacheka jikoni akasema, "Leo babu hatalala, amesifiwa."

Kweli sikulala, ila si kwa raha. Nilimwambia kijana nitawajibu, na jibu ndilo hili. Limekuwa refu kwa sababu lile fupi naona haya kulisema.

Wengi wenu mmezaliwa mkakuta mashine, kwa hiyo nianzie chini. Upondo ni mti mrefu wa mkoko, mwembamba, ulionyooka. Unasimama nyuma ya boti, unausimika chini ya maji, unausukuma na chombo kinakwenda. Kati ya ufuo na mwamba unaovunja mawimbi maji ni mafupi, na yakipwa huwezi kuwasha mashine; propela itagonga na utarudi nyumbani ukipiga makasia huku wageni wakidai pesa zao. Zamani basi, ukifika penye kitu cha kuonyesha, ulizima mashine ukachukua upondo. Hapo ndipo nahodha alipojulikana kuwa nahodha.

Aliyenifunza ni marehemu Nahodha Shee, mtu wa Mji wa Kale, mfupi, mwenye ulimi mkali na kikoi kisichokuwa na doa. Siku yangu ya kwanza alinipa upondo na familia ya Waitaliano, akakaa kando kunitazama. Nikausimika mahali pa kwanza nilipopaona, kwenye mchanga, nikausukuma kwa nguvu zote za ujana. Mchanga ukaushika. Boti ikaenda, mimi nikabaki nimeukumbatia upondo katikati ya maji kama nyani juu ya mnazi. Waitaliano wakapiga picha. Nahodha Shee alicheka hadi akalazimika kukifunga kikoi upya, kisha akaja kuniokota.

"Mtanga hula upondo, mwanangu," aliniambia, yaani mchanga. "Kanyagia mawe. Jiwe halikushiki, na lakupa nguvu."

Nikakanyagia mawe. Mawe yenyewe, vijana, ndiyo matumbawe.

Msiniulize kama hatukujua kwamba yana uhai. Nani angetuambia? Nyumba ya bibi yangu ilijengwa kwa mawe ya bahari, ikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Nililala nikiegemea ukuta huo utotoni, nikaukwaruza kwa kucha, nikapigwa kwa kuukwaruza. Ukikulia ndani ya nyumba kama hiyo, akija mtu akwambie kuta zake ziliwahi kula na kupumua, utamwangalia mara mbili. Kwetu jiwe lilikuwa jiwe, liwe nchi kavu au chini ya maji, na hatukuona kosa kulikanyaga.

Nikajifunza, na nikajua kweli kweli. Siwezi kujifanya mnyenyekevu hapa. Kulikuwa na mahali ndani ya mwamba tulipopaita Bustani, na ndipo palipotulisha sote. Chini palikuwa na matumbawe yenye matawi kama pembe za paa, mengine yamefunga kama kabichi, mengine mviringo na mikunjo yake kama ubongo wa mbuzi, ya zambarau, ya manjano, ya kijani. Samaki walijaa hadi mgeni hakujua amtazame yupi. Maji yakipwa kina kilibaki kidogo sana kati ya kioo cha sakafu ya boti na matumbawe, na kupita pale kulitaka mkono. Mimi nilipita bila kuyumbisha boti. Nilijua kila jiwe la kusukumia, hili, kisha lile, kisha lile kubwa la kushoto, na wageni walihisi kama wanaelea hewani. Wenzangu waliwaachia wageni wao wakubwa wapande kwangu. Ningalitembea na cheti shingoni kama kungalikuwa na cheti cha jambo hilo.

Na mkate wa kuwavuta samaki je? Mkate tuliumwaga. Ukiitikisa tu ile karatasi ya mkate, samaki walikuja mbio kama watoto wa shule waliosikia kengele ya chakula. Mama mmoja kutoka Nairobi alishikilia kipande chake kwa muda mrefu mno akang'atwa kidole. Akapiga ukelele, tukacheka, naye akacheka. Samaki aina ya tafi, ambao kazi yao ni kuula mwani unaoota juu ya matumbawe, wakajifunza kula mkate wa jana. Mwani ukaota ukayafunika matumbawe. Tulidhani ni uzuri wa kijani umeongezeka, na mimi mwenyewe niliwaambia wageni hivyo.

Sasa niwaambie habari za Bwana Mwadime.

Alikuwa Mtaita, kipofu tangu utotoni, na maisha yake yote ya kazi alikuwa opareta wa simu katika kampuni moja huko Changamwe. Ukipiga simu kampuni hiyo, sauti uliyoisikia kwanza ni yake, akakuunganisha na ofisi uliyoitaka. Alikuja mara ya kwanza Jumatatu ya Pasaka pamoja na watu wa kanisa lao, ile siku ambayo ufuo wetu huwa haupitiki kwa watu, ngamia, mipira na maboya ya kukodi. Mkewe, Mama Wakesho, alimshika mkono hadi kwenye foleni ya boti yangu.

Mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu naye anakwenda kuona nini?"

Bwana Mwadime akageuka palepale. "Nitaona utakachonionyesha, kijana. Nauli ni moja, au kuna ya vipofu?"

Watu wakaangua kicheko, na mwenzangu akajificha nyuma ya boti. Nikampandisha. Nilijiambia moyoni kwamba nitampa safari fupi, maana masikini hatajua tofauti.

Tulipofika Bustani nikazima mashine. Wenzake wakainama juu ya kioo wakianza, "Ona yule! Ona huyu!" Yeye akavua kofia, akajilaza sakafuni kwa ubavu, akatega sikio kwenye ubao. Akakaa hivyo. Kisha akainua mkono kama mwalimu.

"Nyamazeni kidogo, ndugu zangu. Kuna watu wanakaanga huko chini."

Wakanyamaza. Na kweli, vijana, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote juu ya maji nikaisikia. Chini ya boti palikuwa na mlio usiokatika, tiki-tiki-tiki, kama karai la mahamri lililokolea mafuta. Baadaye nilikuja kuambiwa ni uduvi wanaogongesha magando yao ndani ya matumbawe, pamoja na samaki wanaotafuna, na kwamba mwamba mzima wenye afya hulia hivyo. Siku ile hatukujua. Mama mmoja wa kwaya alianza kutoa machozi. Bwana Mwadime alikuwa ametabasamu hadi magego yanaonekana.

Nikausimika upondo ili tusogee.

"Charo," akaniita, maana alikuwa ameshalishika jina langu. "Umevunja nini?"

"Jiwe tu, mzee."

Akasikiliza. "Hapa mbele wanakaanga. Pale ulipopiga wameacha."

Nilicheka. Wote tulicheka. Nilimwona ni mtu mcheshi.

Tangu hapo akawa anakuja kila Pasaka, na kila mara alimtafuta Charo. Mama Wakesho alileta viazi vya karai na pilipili ya kwao, tukala pamoja boti ikirudi. Aliniambia siku moja kwamba mumewe huchukuliwa huku na huku na watu wema, akaelezwa milima, akaelezwa wanyama, akaelezwa mataa ya mjini, naye huitikia kwa adabu. "Lakini hapa kwako haelezwi," akasema. "Hapa huyasikia mwenyewe. Mwaka mzima huhesabu siku za kuja hapa." Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu mimi niliyasikia na bado nikaendelea kuushika upondo wangu.

Kila mwaka alijilaza sakafuni, na kila mwaka tabasamu lilichelewa zaidi kuja. "Leo mafuta hayajapata moto," alisema. Mwaka mwingine: "Mpishi ametoka nini?" Alitania, lakini nilimwona anavyolisogeza sikio huku na huku kwenye ubao akitafuta.

Kisha ukaja ule mwaka maji yalipokuwa ya moto kupita kiasi, na matumbawe yakageuka meupe kote. Hilo si uongo, wazee wote wanalikumbuka. Joto lilitufaa sana sisi watu wa boti. Mgeni akiuliza kwa nini Bustani imekuwa kijivu, tulimjibu joto. Kwenye vikao vya chama chetu tulisema joto. Hata mke wangu nilimwambia joto.

Halafu siku moja upondo ukaniponyoka. Mkono ulikuwa na jasho, ukateleza, ukazama mlalo kati ya mawe. Nikaazima miwani ya kuzamia ya mgeni, nikaingia majini kuufuata. Mtacheka mkisikia kwamba nahodha mzima wa boti ya kioo hakuwahi kuingiza kichwa chini ya maji ya Bustani tangu ujana wake. Ndiyo hali ilivyokuwa. Tuliona kupitia kioo, na kioo kiko katikati ya boti. Anayetia upondo yuko nyuma, na anakopiga hakuna anayetazama.

Nilichokiona ni njia. Ilianza ukingo mmoja wa Bustani ikaishia mwingine, alama baada ya alama, nyingine mpya nyeupe, nyingine za zamani zimevikwa mwani, na kandokando yake vipande vilivyovunjika vimerundikana kama kokoto za ujenzi. Upande ambao boti hazikupita, joto lilikuwa limeyapiga matumbawe pia, lakini vichipukizi vilikuwa vimeanza kurudi, vidogo, vya rangi. Katika njia yetu hapakuwa na kitu. Na niliweza kuzitambua alama zangu kati ya za wenzangu. Za wenzangu zilitawanyika. Zangu zilirudia mahali palepale kila mara, zimechimbika, kwa sababu mimi sikukosea jiwe.

Niliupanda mwamba wa aibu siku ile, na sijashuka hadi leo. Lakini sikilizeni nilichofanya: nilirudi botini, nikamrudishia mgeni miwani yake, nikausimika upondo, nikasukuma. Kwani ningefika vipi ufuoni?

Bwana Mwadime alipostaafu walikuja wawili tu, yeye na mkewe, si Pasaka. Walikuwa wanahamia Taita kabisa, wamejenga juu huko Wundanyi. "Nimekuja kuaga jikoni," akasema. Nikajua nikimpeleka Bustani hatasikia chochote.

Kulikuwa na mahali pengine, karibu na mlango wa mwamba wa kutokea bahari kuu, ambapo hakuna aliyepeleka boti. Mawe yalikuwa yamesongamana, mchanga haupo ila kiraka kidogo, na maji yakipwa hukwami kidogo, unakwama kabisa. Kwa hiyo palikuwa pazima. Nikawapeleka maji yakiwa yamejaa, mashine nimeizima mbali, nikaliacha wimbi litusukume polepole, nikateremsha nanga taratibu kwenye kile kiraka cha mchanga. Sikugusa jiwe hata moja. Bwana Mwadime akajilaza. Akamshika mkewe mkono akauweka juu ya ubao ili naye ausikie mtetemo wake.

Tukasahau wakati. Nilipotazama, maji yalikuwa yameshaondoka na vichwa vya matumbawe vilikuwa karibu vituguse. Nikachukua upondo.

Alisikia ulivyogusa ukingo wa boti. "Usitie, Charo."

"Mzee, tusipotoka sasa tutakaa hapa hadi maji yarudi."

"Nimestaafu juzi. Nina haraka ya kwenda wapi?"

"Mimi ninayo," akasema Mama Wakesho. "Jua hili, na viazi vimekwisha."

Lakini naye alijifunika leso akalala. Tukakaa. Bwana Mwadime alinipigia hadithi za watu waliompigia simu, wale waliomtukana wakidhani ni mashine, mama aliyekuwa akipiga kila Ijumaa kuulizia mshahara wa mumewe kabla mumewe hajaupokea. Chini yetu palikaangwa mchana kutwa. Maji yakarudi, yakatuinua, tukatoka tulivyoingia. Ndiyo siku pekee ya kazi yangu ambayo naweza kuisimulia nikiwa nimeinua uso, na ingekuwa imeishia hapo ningewaachia hiyo tu.

Mnajua desturi yetu. Watu wa boti hatuulizani kitu, tunatazamana. Nahodha anayeaminiwa akikaa mahali pamoja mchana kutwa na wageni wake, wenzake walioko ufuoni hawasemi amekwama. Charo akwame? Wanasema ameona kitu. Nilipovuta boti mchangani jioni ile walinisalimia kwa adabu kuliko kawaida, na mimi kwa furaha yangu sikufahamu ni kwa nini. Nilipaswa kukaa nao kidogo, niwaeleze tulikokuwa na kwa nini sikusogea, na niliyoyaona siku ile upondo uliponiponyoka. Niliona haya. Nilijiambia nitawaeleza siku nyingine, nikaenda zangu nyumbani kula.

Asubuhi nilipofika, boti zilikuwa kule. Zote. Pondo zinapanda na kushuka, mikate inamwagwa. Nikakimbia kwenye maji hadi karibu nao, yakanifika kifuani, nikapiga kelele wanisikie. Katana, ambaye nilimfunza mwenyewe kama mwanangu, akanijibu akiwa amesimama nyuma ya boti yake.

"Mzee, wallahi unatushangaza! Jana umeshinda hapa peke yako. Sisi si watu?"

Nikasimama nikamtazama. Alikuwa anasukuma vizuri, boti haitikisiki, hakosei jiwe. Kazi yake ilikuwa safi kabisa, na ilikuwa kazi yangu.

Nilizungumza baadaye, kwenye kikao, kila kitu. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniuliza tule nini basi. Wengine wakasema mzee anataka kustaafu na mahali pake. Nilistaafu muda si mrefu, bila mahali.

Kwa hiyo, wanangu, upondo sitawafundisha. Kweli hauna moshi. Hauna kelele, unapendeza kwenye picha, na mgeni ataondoka akiwaza kwamba amefanya jambo jema. Kama mnataka kitu kutoka kwangu, chukueni hivi. Ingieni maji yakijaa, si yakipwa, hata kama mgeni analia kwamba haoni karibu. Fuateni mfereji wa mchanga, hata ukizunguka. Fungeni boti kwenye boya badala ya kutia nanga, na kama boya limekatika, rudini mkaweke jingine kwanza. Mkate kuleni wenyewe na chai. Maji yakiwaacha, kaeni. Mpeni mgeni maji ya kunywa na hadithi, maji ya bahari hayajawahi kukosa kurudi. Na mkishinda mahali, jioni waambieni wenzenu kwa nini, kabla hamjaenda kula.

Pasaka iliyopita Bwana Mwadime alinipigia simu kutoka Wundanyi. Sauti yake ni ile ile, kama anakuunganisha na ofisi. Akauliza hali ya Mama Dama, ya watoto, ya mvua. Kisha akaniomba kitu kimoja. Nishuke pwani, niazime boti, nifike pale mahali petu, niiweke simu kwenye ubao ili asikilize kidogo tu.

Nilikwenda. Siku hiyo maji yalikuwa yamejaa, na Katana alinipa boti bila kuniangalia machoni. Nikafika, nikazima mashine, nikampigia, nikailaza simu sakafuni kifudifudi. Nami nikalaza sikio langu kando yake. Nikasikia maji yakigonga ubao. Nikangoja kitu kingine, nikasogeza simu mbele, nikaisogeza nyuma. Nikaichukua.

"Bwana Mwadime, samahani, nadhani simu yangu ni mbovu."

"Simu ni nzima, Charo," akasema. "Laini iko wazi kabisa. Nasikia unavyohema."

Kisha akanishukuru kwa usumbufu, akanitakia sikukuu njema, akakata. Hajapiga tena, na mimi sina uso wa kumpigia.